Kilumi Mbele ya Kamera: Juu ya Onyesho la Kwanza la Filamu ya Ngoma Katika Ukambani

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kana kwamba ni historia ya mashine na wenye mashine. Tunaelezwa ni nani aliyeileta kamera, ni idara ipi iliyogharimia filamu, na ni nini kilichokusudiwa kufundishwa. Kinachosahauliwa ni usiku wenyewe wa onyesho: nani waliketi mbele ya kitambaa cheupe, nani walikatazwa kuja, na nani kati ya watazamaji walijiona wenyewe katika picha. Suala hili huwa zito zaidi pale ambapo kinachoonyeshwa ni ngoma, na hasa ngoma ambayo wenyewe hawaihesabu kuwa tamasha. Kwa uchunguzi wa jambo hili, nchi ya Ukambani, yaani Kitui upande wa mashariki wa mto Athi na Makueni upande wa magharibi, inafaa kuliko nchi nyingi. Hapo ngoma, misheni, serikali na sinema zimekutana kwa muda wa zaidi ya karne moja, na mara nyingi zimekutana kwa ugomvi. (Yafaa ikumbukwe kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, kwa hiyo mengi yaliyoandikwa zamani juu ya Machakos yanaihusu Makueni pia.)

Ni vema kuanza na lugha. Katika Kikamba neno wathi hutajwa kwa wimbo, na pia kwa mchezo wenye wimbo huo. Mtu husemwa kuwa kusunga wathi, na hakuna mpaka mkali baina ya sauti na mwili. Kiswahili nacho kina neno ngoma, ambalo ni chombo kipigwacho, ni mchezo, ni mkutano wa wachezaji, na mahali pengi ni pepo mwenyewe pamoja na uganga wake. Lugha hizi mbili, ambazo wasemaji wake wamefanya biashara pamoja tangu kabla Krapf hajafika Kitui kwa Kivui Mwenda mwaka 1849, zinakubaliana kwamba ngoma ni tukio linalowakusanya watu.   

Miongoni mwa ngoma za Wakamba ipo mbeni, ngoma ya vijana, yenye filimbi na miruko ya sarakasi. Jina lake linafanana na lile la beni ya pwani, ngoma iliyoanza katika miji ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo Terence Ranger aliitungia kitabu mwaka 1975. Mbeni hupendwa na wageni. Huvutia macho, haidai kitu, na inaweza kufupishwa. Kilumi ni kitu kingine kabisa. Hiyo huchezwa hasa na wanawake wa makamo na wazee, kwa ngoma kubwa ziitwazo kithembe, chini ya uongozi wa mundu mue, yaani mganga. Huchezwa kwa ajili ya aimu, mizimu, ili mgonjwa apone au mvua inyeshe, na mara nyingi huambatana na sadaka katika ithembo, mahali pa ibada penye miti isiyokatwa. Katika nchi ambayo mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazoamua kama watu watakula, kuomba mvua si pambo la utamaduni. Kilumi haina saa ya kumalizika. Inaweza kukesha usiku kucha, na inakoma pale mzimu uliokuja utakaporidhika.

Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyekaa Ukambani kati ya 1910 na 1912, na ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka mwaka 1920, aliandika kwa urefu juu ya aimu na juu ya kupagawa. Katika maelezo yake limo jambo ambalo halikutiliwa maanani ya kutosha: kwamba mizimu mingine haikuwa ya wazee wa ukoo bali ilikuwa ya kigeni, mizimu ya mataifa jirani na ya watu waliokuja kutoka mbali. Kwa maneno mengine, kilumi ilikuwa tayari njia ya kuwafikiria wageni. Mwanamke aliyepandwa alikuwa hapa na pia mahali pengine. Alikuwa yeye na pia si yeye. Wale waliokuwa wakimzunguka hawakuhitaji kufundishwa jinsi ya kuufuata mwendo huo.

Lindblom alikuwapo karibu wakati ule ule serikali ilipoingiwa na hofu. Mwaka 1911 ulizuka katika Wilaya ya Machakos msisimko mkubwa wa ngoma za mizimu uliohusishwa na mzimu wa Kathambi. Siotune wa Kathuke na mwenzake Kiamba walitajwa kuwa viongozi. J. Forbes Munro, katika kitabu chake cha 1975 juu ya utawala wa kikoloni na Wakamba, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ilivyogeuka kuwa sauti ya kukataa amri za serikali. Viongozi walikamatwa na kupelekwa mbali na nchi yao. Misheni nazo zilikuwa na vita vyao. Wamisionari wa Leipzig walikwisha kujenga Ikutha na baadaye Mulango upande wa Kitui, na Peter Cameron Scott wa African Inland Mission alifungua kituo cha kwanza cha misheni hiyo Nzaui, katika Makueni ya sasa, mwishoni mwa 1895. Kwao mkristo hakucheza ngoma. Basi kabla kamera haijafika, kilumi ilikwisha kuwekwa katika daftari mbili: daftari ya polisi na daftari ya dhambi. Kila filamu ya ngoma iliyopigwa au itakayopigwa Ukambani inapita juu ya madaftari hayo, apende asipende mtengenezaji wake.

Sinema yenyewe ilikuja kwa mlango wa mafunzo. Kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kule Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio lililogharimiwa na Shirika la Carnegie la Marekani, la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Filamu zilikuwa za milimita 16, na maelezo yake yalipigwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Zilihusu benki ya akiba ya posta, minyoo, mmomonyoko wa udongo. Lori lao liliizunguka Afrika Mashariki na ya Kati, Kenya ikiwa mojawapo. Baada ya hapo, mwaka 1939, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, na magari ya sinema yakaanza kuonekana vijijini. Vijana wa Kikamba, ambao waliandikwa kwa wingi katika King's African Rifles, wengi wao waliiona sinema kwa mara ya kwanza katika kambi za jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Waliporudi walikuwa wajuzi wa picha kuliko maofisa waliotumwa kuwaelimisha.

Katika magari hayo ya sinema alikuwamo mtu mmoja ambaye historia yake inastahili kusimuliwa kidogo. Arthur Champion, ofisa wa zamani wa serikali, alizunguka na gari la sinema nchini Kenya na kuandika habari za kazi hiyo mwaka 1948. Champion ndiye yule yule ambaye mwaka 1913, akiwa ofisa kijana katika nchi ya Wagiriama, alikabiliwa na Mekatilili wa Menza, mama aliyewakusanya watu wake kwa ngoma ya kifudu ili wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake uwezo wa ngoma kuwakusanya watu dhidi ya serikali, uzeeni mwake aliwakusanya watu kwa ajili ya serikali, usiku, mbele ya kitambaa. Si lazima kudhani kwamba yeye mwenyewe aliufikiria mfano huo. Lakini mfano upo.

Katika onyesho la gari hilo, filamu nyingi zilikuwa bubu. Aliyezipa sauti alikuwa mfasiri mwenye kipaza sauti, ambaye alieleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Huyo hakupata kuandikwa jina katika ripoti nyingi, ingawa bila yeye hapakuwa na onyesho. Watu walimjibu, walimcheka, walimsahihisha. Wazee wa leo waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka mwito wa "Sinema leo!" ukipita barabarani kabla ya jua kuzama, na wanakumbuka vumbi na mlio wa jenereta zaidi ya wanavyokumbuka mafunzo yaliyokusudiwa. Kwa umbo lake, mkutano ule ulikuwa karibu zaidi na wathi kuliko na jumba la sinema la Nairobi.

Hata hivyo, nadharia iliyouongoza mkutano huo ilikuwa ya dharau. Sellers na wenzake walishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuufuata mkato wa picha. Kwa hiyo filamu iende polepole; mtu akitoka mahali pamoja kwenda pengine, aonyeshwe akitembea njia yote; pasiwe na hila za kamera, wala picha ya kitu kidogo iliyokuzwa. Kisa cha watazamaji walioonyeshwa filamu ya usafi wakasema kwamba wamemwona kuku tu, ambaye mtengenezaji mwenyewe hakujua kuwa yumo katika picha, kilirudiwa sana hata kikaingia katika kitabu cha Marshall McLuhan cha 1962. Wachache walijiuliza kama si ushahidi wa kinyume: kwamba watazamaji wale walikuwa na macho makali kuliko mpiga picha.

Wakati nadharia hii ikitawala magari ya sinema, mwanamke mmoja mjini New York alikuwa akifanya kazi iliyoikanusha bila kuijua. Maya Deren, aliyezaliwa Kiev mwaka 1917, alikuwa amewahi kuwa katibu wa Katherine Dunham, mchezaji na mwanaanthropolojia Mmarekani mweusi aliyekwenda Haiti kuzisoma ngoma za huko. Mwaka 1945 Deren alitengeneza filamu ya dakika tatu hivi, isiyo na sauti, kwa kamera ya milimita 16 na fedha kidogo, pamoja na mchezaji Talley Beatty. Katika filamu hiyo Beatty anainua mguu msituni na kuushusha chumbani. Anazunguka katika ukumbi wa makumbusho. Anaruka, na mruko wake unavuka mahali hata pumzi ya mtazamaji inakatika. Mwendo ni mmoja, mahali ni pengi. Deren aliiita filamu hiyo uchunguzi wa ngoma iliyotungwa kwa ajili ya kamera, yaani ngoma ambayo haiwezi kuchezwa popote ila ndani ya filamu.

Hakuna kampuni iliyoitaka kazi ya namna hiyo. Tarehe 18 Februari 1946 Deren alikodi ukumbi mdogo wa Provincetown Playhouse, akaonyesha mwenyewe filamu zake tatu, ile ya ngoma ikiwamo. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Onyesho hilo linahesabiwa kuwa mojawapo ya mianzo ya filamu huru za majaribio nchini Marekani. Mwaka uliofuata Amos Vogel, akifuata mfano wake, alianzisha chama cha kuonyesha filamu za aina hiyo.

Linganisha sasa. Filamu ya upana ule ule, milimita 16, katika miaka ile ile, ilikuwa na sheria mbili. Kwa mtazamaji wa New York, mwili ulivuka kutoka msituni hadi chumbani kwa mkato mmoja, na jambo hilo likaitwa ugunduzi. Kwa mtazamaji wa Kitui, mkato huo ulikatazwa kwa kuwa eti angechanganyikiwa. Lakini ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa amezoea kumwona mtu aliye hapa akiwa pia mahali pengine? Mwanamke wa Ukambani aliyekulia pembezoni mwa kilumi, ambaye alimwona shangazi yake akisema kwa sauti ya mgeni kisha akarudi kuwa shangazi, hakuhitaji kuonyeshwa njia yote kwa hatua. Deren mwenyewe alitambua hilo kwa njia yake. Mwaka 1947 alikwenda Haiti kupiga filamu ya ngoma za vodou. Alipofika aliona kwamba ibada ile ina umbo lake lenyewe, naye hana haki ya kulivunjavunja ili apate sanaa yake. Aliandika kitabu, kilichotoka 1953, lakini filamu hakuimaliza. Alipofariki mwaka 1961 picha zilikuwa bado katika makopo yake; waliozikusanya na kuzitoa baadaye walikuwa watu wengine. Kushindwa huko, kwa maoni ya wengi, ni hasara. Yafaa pia kukuhesabu kuwa ni adabu.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1954 Jean Rouch, Mfaransa, alipiga filamu mjini Accra ya waumini wa hauka, vibarua kutoka Niger waliopandwa na pepo za magavana, majenerali na wahandisi wa kikoloni. Alipoionyesha kwa mara ya kwanza Paris, katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, Wazungu na Waafrika waliokuwapo walikasirika pamoja, ingawa kwa sababu tofauti. Mwalimu wake, Marcel Griaule, alimtaka aiharibu. Waafrika waliona kwamba watu wao wameonyeshwa kama washenzi mbele ya watu wasiojua maana ya kilichotendeka. Mwaka 1957 filamu hiyo hiyo ilipata tuzo Venice. Lakini kuna tukio jingine ambalo Rouch mwenyewe alilieleza baadaye, nalo ni kubwa kuliko tuzo: wachezaji walipojiona katika picha, pepo ziliwapanda papo hapo, na kuwatuliza ikawa kazi ngumu. Kwa watazamaji wa Paris picha ilikuwa habari ya ibada. Kwa wenyewe picha ilikuwa ibada.

Hapo ndipo Ukambani inapoingia tena. Baada ya uhuru, ngoma za Wakamba zilipata mahali pa heshima, lakini pembamba. Bomas of Kenya, iliyoundwa 1971, ilianza kuonyesha ngoma za makabila yote kwa kundi moja la wachezaji, ambao humaliza ya Wakamba wakabadili nguo wakaingia katika ya jirani. Mashindano ya muziki ya shule yalifanya vivyo hivyo kwa dakika zilizopimwa. Si haki kuyabeza maonyesho hayo. Watoto wengi wa Kitui na Makueni ambao wazazi wao walikatazwa na kanisa kukaribia kithembe waliugusa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mashindano. Lakini kilumi ya dakika saba ni kilumi iliyoondolewa kilicho moyo wake, yaani kutojua itakwisha lini. Kwa upande wa sinema, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962, iliendeleza desturi ya kikoloni: filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kwa sheria hiyo mtazamaji wa kwanza wa kila filamu, hata ya dakika kumi iliyopigwa na kijana kwa fedha zake, ni mkaguzi.

Kamera ndogo za kidijitali zimeubadilisha upande mmoja wa mambo. Leo mtengenezaji huru anaweza kwenda Mbooni au Mutomo na mchezaji mmoja, akapiga picha kwa siku mbili, akazikata usiku, na kuwa na filamu fupi ya majaribio bila ya lori wala Carnegie. Upande wa pili haukubadilika kwa kasi hiyo. Filamu za namna hii hutazamiwa kuzinduliwa Nairobi, katika kituo cha utamaduni cha ubalozi fulani, au katika tamasha la Ulaya, halafu, kama nafasi ipo, ndipo "zipelekwe mashinani". Neno hilo, kupeleka mashinani, ni la gari la sinema la 1948. Limebadili nguo tu.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi imeweka msingi mwingine. Inatambua kwamba jamii ina haki juu ya sanaa zake, na inataka ridhaa yao itolewe kabla ya wengine kuzitumia. Lakini ridhaa inayoombwa kabla ya kupiga picha haitoshi, kwa sababu mzee wa kilumi anayekubali kupigwa picha hakubali kitu anachokijua; mkato bado haujafanywa. Mwili wake unaweza kuonekana ukiinuka ithemboni na kushuka katika chumba cha mjini, kama mguu wa Beatty. Kwa mchezaji wa New York hilo ni sanaa aliyoishiriki kwa hiari. Kwa mtu ambaye mwendo wake ni wa mzimu, mahali mguu unaposhukia si jambo dogo. Kwa hiyo onyesho la kwanza ndilo pahali pa kweli pa ridhaa, na ridhaa hiyo haiwezi kutolewa Nairobi.

Kuna mfano wa jirani unaoonyesha kwamba hili linawezekana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, na sauti zao zikasafiri duniani huku wenyewe hawajazisikia. Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba aliyoiasisi Afrika Kusini ilizirudisha rekodi hizo kwa watu wa mahali pale, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Zilichelewa zaidi ya miaka sitini. Filamu haina sababu ya kungoja hivyo.

Onyesho la kwanza la filamu ya kilumi likifanywa Kitui au Makueni, itabidi mambo kadha yaamuliwe ambayo hayamo katika utaratibu wa kumbi. Kithembe iwepo karibu au isiwepo? Mundu mue aketi pamoja na watu, au asimame penye mashine? Wakristo wenye kuogopa daftari ya dhambi watakuja, na watasimama nyuma, kama kawaida. Filamu ni ya dakika kumi na tano. Mwanamke aliyemo ndani yake atajiona usoni, kwa ukubwa ambao hakuna kioo kilichopata kumwonyesha, mbele ya wajukuu wake. Na akipandwa, kama walivyopandwa wale wa hauka, lazima pawe na makubaliano ya mapema juu ya nani mwenye amri ya kuizima mashine, na nani atakayepiga ngoma mpaka atulie.